Miche au mbegu? Njia tatu za kupanda matango nyumbani, na ipi inakufaa

Pakiti niliyopewa dukani ilikuwa na mbegu 250 za tango lisilo na mbegu. Mimi nilikuwa na nafasi ya mimea sita. Muuzaji aliniangalia, akaiangalia pakiti, akacheka: "Mama, hizi wanachukua wenye mabanda ya kulimia. Wewe nenda kitaluni ukanunue miche."

Nilienda. Tangu siku hiyo nimeshapita njia zote tatu hapa Morogoro, kwenye uwanja wa nyuma ambao ukitoa kamba ya nguo na banda la kuku hubaki na hatua kumi kwa nne. Njia ya kwanza ni kununua miche ya tango lisilo na mbegu. Ya pili ni kununua mbegu za tango hilohilo na kuzisia mwenyewe kwenye trei. Ya tatu ni kuachana nalo kabisa, ukafukia mbegu za tango la kawaida moja kwa moja kwenye tuta. Kila njia ina mtu wake, na kosa kubwa ninaloliona ni watu kuanza na swali la bei ya mche kabla hawajajua ni tango gani wanalitaka.

Unalihitaji kweli lisilo na mbegu?

Mama mkwe wangu akikata tango la sokoni kwa ajili ya kachumbari, hulipasua katikati na kupitisha kijiko ndani, shwaa, mbegu na maji yake vyote kwenye bakuli la kuku. Nusu ya tango imeondoka. Lisilo na mbegu unalikata vipande na ganda lake, hakuna kumenya wala kukwangua, na kachumbari haiogelei majini baada ya robo saa. Ukilipasua utaona alama nyeupe laini mahali ambapo mbegu zingekaa, lakini meno hayazihisi.

Lakini nalitetea kidogo tango la kawaida. Ashley, aina iliyotoka Marekani miaka ya 1950 na ambayo bado imejaa kwenye maduka yetu ya pembejeo, ukiichuma ikiwa na urefu wa kiganja na vidole vyake, mbegu zake ni laini na unazitafuna bila kujua. Marketmore nayo ni hivyohivyo. Tatizo la matango ya sokoni ni kuchumwa yamechelewa, yakiwa manene na yameanza kupauka, kwa sababu linalouzwa ni ukubwa. Kwa hiyo kama kinachokukera ni zile mbegu ngumu tu, huenda dawa ni kupanda lolote na kuchuma mapema.

Kilichonihamisha mimi si mbegu. Ni nzi.

Ua, nyuki na nzi wa matunda

Tango la kawaida hutoa maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja. Dume hutangulia, mara nyingi kwa wiki nzima, yakachanua na kudondoka, na mkulima mgeni huanza kulalamika kwamba maua yanapukutika. Jike utalitambua kwa kitango kidogo chenye ukubwa wa njugu kilichokaa nyuma ya petali. Nyuki lazima abebe chavua kutoka dume hadi jike, tena si mara moja. Ua jike likitembelewa mara chache, tunda hutoka limepinda, nene upande mmoja na limesinyaa upande wa pili. Siku za mvua nyuki hawatoki, na matunda unayaona.

Tango lisilo na mbegu limezalishwa kwa namna nyingine. Karibu maua yake yote ni jike, na tunda hukua lenyewe bila chavua. Halina haja na nyuki hata mmoja.

Maana yake kwa mtu wa nyumbani ni hii: unaweza kulifunika. Miti minne, neti ya kuzuia wadudu, mawe ya kukandamizia chini, basi, mimea inaishi humo tangu kupandikizwa hadi mavuno ya mwisho. Nzi wa matunda, yule anayetoboa kitango kichanga na kutaga mayai ndani, anabaki nje. Anayelima Pwani, Tanga au huku kwetu anamjua mdudu huyu: unachuma tango zuri kwa nje, ukilikata unakuta funza. Tango la kawaida huwezi kulifunika hivyo, labda uwe tayari kila asubuhi kuchuma ua dume, kulivua petali na kuligusisha katikati ya ua jike. Nilifanya hivyo siku nne. Siku ya tano niliamka nimechelewa, na habari ikaishia hapo.

Hapa kuna mkanganyiko ninaousikia sana: watu hudhani tango lisilo na mbegu ni kama tikiti maji lisilo na mbegu. Ni kinyume. Tikiti lisilo na mbegu linahitaji tikiti la kawaida jirani pamoja na nyuki, vinginevyo halizai. Tango lisilo na mbegu linataka kukaa mbali na ndugu zake.

Usiyachanganye

Msimu wangu wa pili nilitaka vyote. Nikapanda miche minne isiyo na mbegu upande huu na shina tatu za Ashley upande ule, bila neti. Matunda ya mwanzo yalitoka safi. Nyuki walipozoea kutoka kwa Ashley kwenda kwa jirani zake, matango yangu yasiyo na mbegu yakaanza kufura kitako kama chupa ya chai, na ndani mkawa na mbegu kama kawaida. Mche hauna kosa, umepokea chavua tu.

Kwa hiyo uamuzi ni wa kiwanja kizima. Kama jirani ana matango ya kawaida nyuma ya ukuta, nyuki hawaombi ruhusa: weka neti au panda ya kawaida kama yeye. Maboga na matikiti hayana shida, chavua yake haiwezi kulitia tango mbegu.

Trei, kitalu, tuta

Sasa bei. Mbegu za tango la kawaida huuzwa kwa gramu, na gramu moja ni mbegu thelathini na ushei. Ukipoteza kumi hulali na njaa. Mbegu za lisilo na mbegu huuzwa kwa kuhesabiwa, kama vito, na kuna sababu. Mmea ambao maua yake yote ni jike hauwezi kujizalia mbegu. Wazalishaji huupulizia dawa yenye madini ya fedha ili uchipuze maua dume kwa muda, wapate chavua ya kutengenezea mbegu. Ni kazi ya watu wenye maabara. Na kwa kuwa ni chotara na tunda halina mbegu, msimu ujao unarudi dukani. Anayekuahidi kwamba utahifadhi mbegu zako mwenyewe, muulize atazitoa wapi.

Ukitaka kulinganisha vizuri, usigawanye bei ya pakiti kwa idadi ya mbegu. Igawanye kwa idadi ya mimea utakayopanda kweli. Pakiti ya mbegu 250 kwa mtu wa mimea sita inaufanya kila mmea uwe ghali kuliko mche wowote nilioukuta kitaluni, hata ule wa kitalu cha kujidai chenye geti. Mimea sita iliyotunzwa inatulisha sisi watano na bado tunapelekea majirani. Mbegu zinazobaki unaweza kuzihifadhi mahali pakavu na baridi, ndiyo, lakini hukununua akiba ya miaka.

Kuna gharama nyingine ya trei isiyoandikwa kwenye pakiti. Kusia mwenyewe kunataka trei ya matundu, vumbi la makumbi ya nazi au mchanganyiko safi, na mtu wa kumwagilia asubuhi na jioni kwa wiki mbili hadi tatu. Ukimwagilia kupita kiasi, kinyausi kinaingia: mche unasinyaa pale shingoni, unalala, umekwisha. Nilipoteza kumi na moja kati ya ishirini usiku mmoja kwa sababu nilifunika trei kwa nailoni na kusahau kuifunua.

Mbegu ya tango huota haraka penye joto. Kwenye nyuzijoto 25 hadi 30 inachomoza siku ya tatu au ya nne, na chini ya 15 hivi inakaa tu hadi ioze. Ndiyo maana jibu la Dar, Tanga au Mombasa si jibu la Lushoto, Njombe au Limuru. Kwenye joto, mche wa kununua unakupunguzia wiki mbili tu, si jambo kubwa. Kwenye baridi ya Juni na Julai unakuokoa kabisa, kwa sababu mwenye kitalu ameshaiotesha kwenye joto la banda lake na wewe unapokea mmea uliokwisha kuvuka hatua mbaya. Ila hata mche wenyewe utadumaa usiku ukiwa wa baridi kali, kwa hiyo wa milimani subirini Agosti ipite.

Njia ya tuta ndiyo rahisi kuliko zote, na kwa tango la kawaida sioni sababu ya kununua mche hata mmoja. Tango halipendi kuguswa mizizi. Fukia mbegu mbili kwa shimo, kina cha pingili moja ya kidole, acha sentimita 40 hivi kama utalipandisha kwenye kamba, na mita nzima au zaidi kama litatambaa. Zikiota, kata moja kwa mkasi badala ya kung'oa. Adui hapa ni kuku, panya na sota, yule kiwavi anayekata mche mchanga shinani. Kuku wangu hawajawahi kuiacha tuta mpya ikae siku mbili. Nafunika kwa matawi ya miba.

Kwa siku za mavuno: mche ulionunuliwa ukiwa na majani mawili halisi utakupa tango la kwanza kati ya siku 35 na 45 baada ya kupandikiza. Mbegu ya Ashley iliyofukiwa shambani huchukua siku 55 hadi 65. Nimeshaona watu wakifanya tofauti hii kuwa hoja kuu. Mimi siitilii maanani.

Ukienda kitaluni

Hapa ndipo njia ya miche ina udhaifu wake mkubwa, na sijui kwa nini hausemwi. Pakiti ya mbegu ina jina la aina, tarehe, na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Mche hauna karatasi. Majani ya tango lisilo na mbegu na ya tango la kawaida, wakati yakiwa mawili, hata fundi hatofautishi. Unanunua neno la muuzaji.

Niliwahi kununua minane "isiyo na mbegu" mahali fulani, sitapataja. Wiki ya tatu maua yakaanza, na kila nilipogeuza jani nilikuta vishada vya maua yenye vikonyo vyembamba, hakuna kitango nyuma hata kimoja. Dume matupu. Hicho ndicho kipimo: mche halisi wa lisilo na mbegu hutoa kitango nyuma ya karibu kila ua, tangu vifundo vya chini, yaani pale jani linapotokea shinani. Likitokea dume moja moja wakati wa joto kali, usihofu. Vikitokea vishada, umeuziwa la kawaida, na kama umeshalifunika kwa neti, lifunue upesi nyuki waingie, angalau upate la kula.

Kwa hiyo uliza jina la aina na uombe kuona pakiti waliyosia. Kitalu cha kweli hakikasiriki, wengi wanazihifadhi. Uliza pia tarehe ya kusia. Mche mzuri una wiki mbili hadi tatu, majani mawili halisi au matatu, na yale majani ya mbegu ya chini bado ni kijani. Ugeuze, utazame chini ya majani kama kuna vidukari au inzi weupe. Uchomoe mmoja: mizizi iwe myeupe, imeshika udongo, lakini isiwe imezunguka kama kamba iliyoviringwa. Wenye ua tayari kwenye trei uache, hata ukipunguziwa bei. Huo umezeeka utotoni.

Na usafiri. Mara ya kwanza niliiweka miche kwenye mfuko wa wazi, nikapanda bodaboda kutoka mjini hadi Kihonda. Upepo ulichana majani kama karatasi. Siku hizi nakwenda na ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa.

Jambo moja zaidi, uliza kama ni fupi au refu. Lisilo na mbegu lipo la namna mbili. Fupi, la ukoo wa Beit Alpha uliotokea Israeli, huchumwa likiwa na sentimita 12 hadi 18 na huvumilia makosa ya mtu wa nyumbani. Refu, lile la mabanda ya Ulaya linalouzwa supamaketi limevishwa nailoni, hufika sentimita 30 na zaidi, na hudai kupunguzwa matawi, mbolea ya mara kwa mara na maji yasiyokatika. Kwa mara ya kwanza chukua fupi. Hata ya pili.

Ukishaifikisha nyumbani

Iache miche kivulini siku moja, kisha iongezee jua kidogo kidogo kwa siku tatu au nne. Pandikiza jioni. Mwagilia trei saa moja kabla, sukuma kila mche kutoka chini kwa kidole, usiuvute kwa shingo. Ukae kina kilekile ulichokuwa nacho. Tuliozoea nyanya huwa tunafukia shina, lakini shina la tango likifukiwa huoza. Funika na jani la mgomba siku mbili.

Kama udongo wako umelimwa nyanya mfululizo, chimbua mzizi mmoja wa zamani uuangalie. Ukiwa na vinundu, hiyo ni minyoo fundo, na mche wa bei utakufa hapo bila kukuambia kwa nini. Tumia ndoo za rangi za lita 20 zilizotobolewa chini, mche mmoja kwa ndoo, udongo mpya na samadi iliyooza vizuri. Kwa ndoo, kipindi cha matunda mmea mmoja unaweza kunywa lita mbili hata tatu kwa siku ya jua.

Kazi ya kila wiki si sawa kwa pande zote mbili. Ashley unaiacha itambae, unapita kuchuma. Lisilo na mbegu linapanda kamba: unalizungushia taratibu, unakata machipukizi ya pembeni, na unatoa maua ya vifundo vitano vya chini ili mmea upate mwili kwanza. Inauma kukata vitango hivyo, lakini ukiviacha mmea unadumaa. Mengi ya haya yamezalishwa yasiwe na uchungu, na utitiri unayapenda zaidi kwa sababu hiyohiyo, basi wakati wa kiangazi pindua majani na uyanyunyizie maji upande wa chini. Wakati wa masika ni zamu ya ubwiri vinyoya, madoa ya njano yenye pembe pembe kwenye majani, na hapo Ashley hustahimili kuliko chotara nyingi nilizopanda. Mimi kati ya Machi na Mei sinunui mche wowote.

Kuchuma ni kila siku au kila baada ya siku moja. Na kuhifadhi, hapa la kawaida linashinda: ganda lake nene linakaa siku kadhaa jikoni bila kunyauka. Lisilo na mbegu lina ganda kama ngozi ya mtoto, linapoteza maji upesi, na ndiyo maana supamaketi hulivisha. Lifunge kwenye mfuko na uliweke sehemu ya friji isiyo baridi sana, maana kwenye baridi kali huota madoa ya majimaji.

Nani achukue ipi

Mwenye baraza au ndoo chache, anayesumbuliwa na nzi, au anayekaa ghorofani ambako nyuki hawafiki: miche isiyo na mbegu, mifupi, minne hadi sita, na neti. Mwenye uwanja mpana, kuku wachache na muda mdogo: mbegu za kawaida kwenye tuta, hakuna haja ya kitalu. Anayepanda msimu wa mvua: za kawaida pia. Mwenye watoto wasiokula tango lenye ganda gumu, miche. Mwenye bustani shirikishi ya kanisa au shule, au anayetaka mimea arobaini ya kuuza mtaani, huyo ndiye pekee ninayemwambia anunue pakiti na trei.

Kuna njia ya kati tuliyoigundua mwaka jana. Tulichanga majirani watatu, tukanunua pakiti moja ya aina tunayoijua, tukaipeleka kitaluni watusilie kwa malipo ya kila mche. Jina la aina tulilishika wenyewe mkononi, na kinyausi kikawa shida ya mwenye banda. Vitalu vingi vinakubali oda ya namna hii, ila waambie wiki tatu kabla, na uende na ndoo yako yenye kifuniko.